Ng'ambo ni lugha ya serikali, huku ni lugha ya nyumbani

Juma hili nawaomba twende pamoja hadi Murusagamba, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Ni senta ndogo ya mpakani kama zilivyo nyingine nyingi za ukanda ule: maduka ya bati, mashine ya kusaga, pikipiki zinazongoja abiria, mikungu ya ndizi kando ya barabara, na jirani yake ni Burundi. Siku ya soko watu wa pande zote mbili hukutana hapo. Hiyo si habari mpya. Jambo ninalotaka tulitazame ni lugha wanayoitumia watu hao wanapopatana bei.

Wa huku atasema kwa Kishubi au Kihangaza. Wa kule atajibu kwa Kirundi. Mkalimani hahitajiki. Tofauti zipo, hasa katika matamshi na katika baadhi ya maneno ya nyumbani, na wenyewe huzitambua upesi na kutaniana kwazo, lakini mazungumzo hayakwami. Sasa ajabu iko hapa: yule wa kule akirudi kwake jioni, lugha aliyouzia maharage yake ataikuta ndani ya Katiba ya nchi, imetajwa kwa jina kuwa ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Huyu wa huku akirudi kwake, lugha yake haimo shuleni, haimo katika karatasi za zahanati, haimo mahakamani. Ni lugha ya jikoni na ya shambani, ya kubembelezea mtoto na ya kuombolezea marehemu.

Wataalamu wa lugha wameliona jambo hili zamani. Mwaka 1948 Mwingereza Malcolm Guthrie alipozigawa lugha za Kibantu katika kanda na makundi, aliziweka lugha hizi katika kundi moja na kuzipa nambari zinazofuatana kama nyumba za mtaa mmoja: Kinyarwanda D61, Kirundi D62, Kifuliru cha Kongo D63, Kisubi, yaani Kishubi, D64, Kihangaza D65, na Kiha cha Kigoma D66. Kwa hiyo nyumba ya pili ina bendera ya taifa na muhuri wa serikali, na nyumba ya nne na ya tano hazina hata kibao cha mlangoni. Ukiuliza sababu, hutaipata katika sarufi. Itabidi uitafute katika ramani.

Wakati wa Wajerumani nchi hizi zote zilikuwa ndani ya koloni moja, Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Bugufi, yaani sehemu ya Ngara wanakotoka Wahangaza, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi. Bushubi ilikuwa na mtemi wake. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia kutoka magharibi, wakaichukua Ngara na Biharamulo, wakasonga hadi Tabora. Vita vilipokwisha, Mei 1919, mabwana wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, waligawana nchi. Waingereza walitaka njia ya reli ya kutoka kusini mpaka kaskazini mwa Afrika, wakapewa Gisaka, sehemu ya mashariki ya Rwanda. Wamisionari na mfalme wa Rwanda wakapiga kelele hadi Geneva, kwenye Shirikisho la Mataifa, na Gisaka ikarudishwa Rwanda mwishoni mwa 1923. Bugufi nayo ilibaki Tanganyika. Burundi haikusahau: baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwami Mwambutsa aliliwasilisha suala la Bugufi mbele ya Umoja wa Mataifa, lakini mpaka haukusogezwa.

Nalitaja hili si kwa ajili ya kuchokonoa mipaka. Viongozi wa Afrika walikwisha kuamua huko Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka tuliyorithi tuiheshimu, na Ngara ni Tanzania, hakuna mjadala. Nalitaja kwa sababu wengi wetu, tukimsikia mtu wa Ngara akisema na mwenzake, haraka haraka tunasema, "Kumbe Warundi." La hasha. Watu hawakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliowavuka watu, tena wenyewe wakiwa wamekaa kwao.

Sasa tuitazame ng'ambo. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na tangu hapo Kirundi kimekuwa lugha ya taifa. Kuanzia mwaka 1973 serikali ya huko ilianza mpango wa kufundisha shule ya msingi kwa Kirundi, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazikuthubutu. Katiba ya mwaka 2018 inasema lugha ya taifa ni Kirundi, na lugha rasmi ni Kirundi pamoja na nyingine zitakazowekwa na sheria. Sheria ya mwaka 2014 ilikwisha kuzitaja: Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Ni nchi ambayo karibu kila mwananchi, kuanzia mkulima hadi rais, anasema lugha moja ya mama.

Msikilizaji anaweza kudhani basi mambo huko ni shwari kabisa. Si hivyo. Kuandikwa katika Katiba ni kitu kimoja, na kuketi mezani ofisini ni kitu kingine. Kwa miaka mingi sheria nyingi za Burundi zimeandikwa kwa Kifaransa, na sekondari mtoto husomeshwa kwa Kifaransa. Mkulima wa Cankuzo au Muyinga, mikoa ambayo tangu mwaka 2025 imeunganishwa katika mkoa mpya wa Buhumuza, anaweza kueleza shida yake yote kwa Kirundi mbele ya ofisa na akaeleweka, na hiyo ni heshima kubwa. Lakini karatasi atakayopewa mwishoni inaweza kuwa ya lugha nyingine, na ataipeleka kwa mtoto wa jirani amsomee. Vile vile tusisahau kwamba kuwa na lugha moja hakukuiepusha Burundi na mauaji ya 1972 na ya 1993, wala hakukuiepusha Rwanda na mauaji ya kimbari ya 1994. Waliouana walielewana kila neno.

Kwa hiyo mimi si miongoni mwa wanaodai kwamba kila lugha ipewe wizara yake. Sisi huku tulichagua Kiswahili, na tulichagua vizuri. Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili mwezi Desemba 1962, na mwaka 1967 serikali ikaagiza kazi zake zifanywe kwa lugha hiyo. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zote, baada ya miaka mingi ya kukitumia hasa kwenye Mahakama ya Mwanzo huku kumbukumbu na hukumu za juu zikiandikwa kwa Kiingereza. Katika sehemu kama Murusagamba faida yake unaiona kwa macho. Mfugaji wa Kisukuma, mwalimu wa Kichaga, Mhaya mwenye duka na Mshubi mwenye shamba wanakaa katika mkutano wa kijiji mmoja na kila mmoja ana haki ya kusimama na kusema. Kiswahili si lugha ya kabila la mtu yeyote pale, na kwa sababu hiyo hakimwinui mmoja juu ya mwenzake.

Ila kuna watu ambao mkutano huo unawapita. Ni wazee, na hasa akina bibi. Wanaume wa umri wao walikwenda kufanya kazi za mashamba na za miji, wakarudi na Kiswahili. Wanawake wengi walibaki, hawakupelekwa shule, na Kiswahili chao ni cha salamu na cha sokoni. Mpeleke bibi wa namna hiyo zahanati. Muuguzi ametoka Mara au Kilimanjaro, ni kijana mwenye moyo mwema, anauliza, "Bibi, unasikia nini?" Bibi anaeleza kwa Kishubi. Mjukuu wa darasa la nne ndiye anayetafsiri. Kama ni homa, kazi itafanyika. Kama ni jambo la sehemu za siri, je? Bibi hawezi kulitamka mbele ya mjukuu wake, na mjukuu hata akilisikia hawezi kulitamka mbele ya sista. Atasema tumbo. Sista ataandika tumbo, na dawa itakayotolewa ni ya tumbo.

Tuje kwenye maelezo ya polisi na mahakama. Hapa undugu wa lugha wenyewe ni mtego, kwa sababu maneno yanafanana na Kiswahili huku maana zimehama. Nitatoa mifano ya Kirundi, ambacho kimeandikwa katika kamusi na mtu yeyote anaweza kuhakikisha. Katika Kirundi "kuja" maana yake ni kwenda. Hebu fikirini mtu ambaye amejifunza Kiswahili ukubwani anaulizwa na afande, naye anajibu, "Nilikuja Burundi." Yeye anakusudia kwamba alikwenda Burundi, labda kwenye msiba wa shangazi. Afande ataelewaje? Neno "gusa" kwa Kirundi ni "tu", kama tunavyosema moja tu, siyo kushika kwa mkono. Na neno "ejo" ni jana, na pia ni kesho. Maana hujulikana kwa kitenzi kinachofuata. Kwa wenyewe halina utata wowote, lakini liingize katika maelezo yaliyoandikwa na mtu asiyeijua lugha, na tarehe ya tukio imepotea.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii, nalo ni uraia.

Ngara imepokea watu wengi waliokimbia. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Warundi walimiminika. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na Benaco ikawa jiji la mahema lililokua kuliko miji mingi ya mkoa. Wenyeji walitoa ardhi, kuni na maji, na misitu yao haikurudi kama ilivyokuwa. Wanyarwanda walirudishwa Desemba 1996. Kambi ya Warundi ya Lukole ilidumu hadi 2008.

Katika kambi hiyo kulikuwa na shule, na shule zile zilifuata mitaala ya Burundi ili watoto wakirudi kwao wasipate shida. Uamuzi ulikuwa wa busara. Lakini angalieni kilichotokea: mtoto wa mkimbizi, katika ardhi ya Ngara, alijifunza kusoma na kuandika kwa Kirundi. Mtoto wa Kihangaza nje ya kambi, ambaye akikutana na mwenzake kisimani walisemezana bila taabu, hakuwahi kuliona neno la nyumbani kwao limeandikwa ubaoni. Redio nayo ni hivyo hivyo. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya hali ile ya ukimbizi, na ilitangaza pia kwa Kirundi na Kinyarwanda. Kanuni za utangazaji za nchi yetu kwa jumla zinataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo lugha ya ukoo ule ilisikika hewani kutoka Ngara kwa sababu ya mgeni, si kwa sababu ya mwenyeji. Sisemi ilikuwa kosa. Nasema ni jambo la kufikirisha, hasa kwa sisi tunaokula kwa kipaza sauti.

Wakimbizi walipoondoka, shaka ilibaki nyuma yao. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke, na Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Ujambazi wa kutumia silaha barabarani ulikuwapo kweli, na serikali ilikuwa na wajibu wa kulinda watu. Lakini miongoni mwa waliovuka kwenda Rwanda na Burundi walikuwamo walioishi huku miongo mingi, na wengine walishikilia kwamba wao ni Watanzania. Utamthibitishaje mtu aliyezaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, asiye na cheti cha kuzaliwa? Ofisa mgeni wa eneo husikiliza anavyosema.

Nimewahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja, ambayo sitaitaja, nikisubiri mtu wangu wa kumhoji. Mzee mmoja aliulizwa maswali kuhusu kitambulisho. Akajibu kwa Kiswahili chenye "r" mahali pa "l". Kijana aliyekuwa mezani akamtazama mwenzake, wakacheka. "Mzee, sema ukweli, wewe ni wa ng'ambo." Mzee akataja kitongoji chake, akamtaja baba yake na babu yake, akataja mpaka mti ambao babu alizikwa chini yake. Kijana akamwambia alete mashahidi. Nilimwona akitoka, akifunga vifungo vya koti lake taratibu.

Kuchanganya "r" na "l"! Kama hicho ndicho kipimo, basi na Mkurya wa Tarime tumfukuze, na ndugu zangu wengi wa Kanda ya Ziwa, na baadhi ya waheshimiwa tunaowasikia bungeni. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haisemi hivyo hata kidogo. Kwa anayeomba kuwa raia kwa tajnisi inataka ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Kwa raia wa kuzaliwa haiulizi lugha. Hakuna mahali inaposema kwamba kujua Kirundi, au lugha inayofanana na Kirundi, kunampunguzia mtu Utanzania wake. Hata hivyo wananchi wa wilaya za mpakani wamelalamika mara nyingi, na wabunge wao wamelifikisha suala hilo bungeni, kwamba uhakiki wa vitambulisho vya taifa kwao huchukua muda mrefu kuliko kwa wengine. Bila nambari ya kitambulisho leo husajili laini ya simu, na mambo mengine mengi yanakwama.

Nchi nyingine zimelikabilije? Mwaka 1992 Katiba ya Paraguay, huko Amerika ya Kusini, ilikifanya Kiguarani, lugha ya wenyeji wa kale, kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania. Ng'ambo ya mpaka, ndani ya Brazil, Waguarani wapo pia, na kwa muda mrefu lugha yao haikuwa na hadhi yoyote serikalini, kama Ngara na Burundi vile. Mwaka 2010 mji mdogo wa Tacuru, karibu na mpaka huo, ulipitisha sheria yake yenyewe kukifanya Kiguarani lugha rasmi ya pili ya mji. Hawakungoja taifa zima. Kabla yao, mwaka 2002, São Gabriel da Cachoeira, katika msitu wa Amazon jirani na Kolombia na Venezuela, ulizipa hadhi hiyo lugha tatu za wenyeji. Kireno hakikufa Brazil. Ni madirisha ya ofisi za mji huo tu yaliyotakiwa kumsikiliza mtu kwa lugha anayoijua.

Hapa kwetu halmashauri haina mamlaka ya kutangaza lugha rasmi, na sidhani kama tunaihitaji sheria ya namna hiyo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilikwisha kusema kwamba lugha za jamii zetu ni hazina, zitumiwe na zifanyiwe utafiti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa mwaka 2009 atlasi ya lugha za Tanzania, yenye lugha zaidi ya 150. Basi tumekwisha kuzihesabu. Kinachobaki ni mambo madogo ya utendaji. Zahanati ya mpakani iwe na angalau mhudumu mmoja mtu mzima anayejua lugha ya pale, na ijulikane kwamba kutafsiri ni sehemu ya kazi yake. Hakimu aulize kabla ya kuanza kama mdaawa anaelewa, asingoje mtu aangue kilio. Na anayehoji masuala ya uraia Ngara, kabla hajakalia kiti hicho, afundishwe walau kwamba Mhangaza, Mshubi na Mrundi wanasema lugha za ukoo mmoja, na kwamba Mhangaza na Mshubi walikuwa hapo kabla ya Milner na Orts kukutana.

Wengine wataniambia wazee wanakwisha, vijana wote wanajua Kiswahili, tatizo litajimaliza lenyewe. Huenda. Lakini kuna bibi atakayeamka kesho na maumivu, na mjukuu wake wa darasa la nne kesho ana mtihani. Hawezi kwenda naye. Bibi atangoja mpaka Jumamosi.